Nairobi Aliyokusimulia Baba Yako

Kapsoit, jioni kabla ya safari

Chepkoech mwanangu,

Umeenda kwa shangazi yako kuombewa, na maombi ya shangazi yako tunayajua. Ataombea gari, ataombea dereva, ataombea matairi, halafu akumbuke hakutaja injini na aanze upya. Kwa hivyo nina nafasi. Ng'ombe nimeshakama, taa nimewasha, na nimekaa hapa mezani mbele ya kikombe chako cha mchana. Hukumaliza chai yako. Sijakiosha mpaka sasa.

Barua hii nitaiweka kwenye kikapu, juu ya mkate, ili ukishikwa na njaa njiani uione. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuongea nyumba hii, kwa sababu Kikipsigis changu bado kinachekesha watu, na Kikisii chako kinaishia kwenye salamu. Baba yako alikuwa akisema wewe ndiye mtoto pekee aliyezaliwa na wazazi wawili wanaokosea lugha moja pamoja.

Sitakuambia juu ya blanketi, wala kufunga mlango, wala vijana wa mjini. Hayo nimeyasema mwezi mzima, hata ukawa unayamalizia wewe kabla yangu. Nataka kuongea juu ya lile jambo la mchana.

Ulikuwa unanieleza kazi yako, jinsi utakavyowatembeza wageni mjini. Asubuhi mnawapeleka kuona watoto wa simba, halafu makumbusho, halafu nyoka, na jioni wanatazama ngoma. Ulikuwa unacheka. Ukaniigia yule mgeni waliyekuhadithia, aliyeuliza kama simba hulala na taa. Nami nilikuwa nacheka, kweli kabisa. Halafu ukasema, "Mama, si ukuje mwezi wa nne? Hiyo time wageni huwa wachache, nitakuwa na nafasi. Nikupeleke kwa zile treni za zamani, pale baba alifurahia. Tuzione tena mimi na wewe."

Nikakujibu, "Mwezi wa nne? Chai ikiwa imejaa hivyo, nimwachie nani? Na Nairobi nilishaiona. Peleka hao wazungu wako."

Ukaweka kikombe chini. Ukasema, "Sawa tu, Mama," ukaenda kukunja nguo. Hilo "sawa tu" ulilitoa kwa baba yako. Ukilisema najua si sawa hata kidogo, na nikaendelea kuchambua mboga na kujifanya sijasikia.

Haikuwa chai iliyonifanya nikujibu hivyo. Nataka nikueleze ilikuwa nini, hata kama ninaogopa.

Baba yako alikuwa mtu wa kutazama. Mimi sikuwa. Nilikuja huku nikiwa msichana kutoka Kisii kuchuna chai kwenye mashamba makubwa, na pale ukiinua macho unaachwa nyuma kwenye mstari. Nilifundishwa kuangalia majani mawili na kile kichipukizi cha katikati, na ninafikiri sikuangalia kitu kingine kwa miaka mingi. Yeye akanioa, tukaja hapa kwenye kipande cha baba yake, tukapanda chai yetu. Tukiwa tunapeleka majani senta, pale yanapopimwa, alikuwa anasimama katikati ya njia na kikapu mgongoni kwa sababu ndege imepita juu. Namwambia, "Baba Chepkoech, utaanguka kwa mtaro." Ananijibu, "Nikianguka utaniokota." Kisha anasimama tena mbele kidogo kuangalia mtu akipaka kanisa rangi.

Zile treni unajua alizitoa wapi. Alichunga ng'ombe kule Kipkelion akiwa mtoto, reli ikipita chini ya malisho, na magari ya moshi yakipanda mlima polepole hata mtoto anaweza kuyakimbiza. Mara mbili ng'ombe wake waliingia mahindi ya watu kwa sababu alikuwa anangoja treni. Alichapwa na hakuacha. Baadaye yale ya moshi yakaondolewa, yakaja haya ya dizeli, naye akasema ya dizeli hayana roho. Akasikia kwenye redio kwamba yale ya zamani yamewekwa Nairobi, karibu na stesheni, watu wanaenda kuyatazama. Tangu siku hiyo Nairobi kwake ikawa hiyo. Wengine walitaka kwenda kuona maghorofa. Yeye alitaka kwenda kuona treni isiyotembea, na nilimcheka sana kwa ajili hiyo.

Halafu akaanza kushindwa kumeza. Wewe ulikuwa bodi, shule ya kulala. Tulikuficha kidogo, tulisema ni koo. Hospitali ya hapa wakatuandikia twende Nairobi, tukafikia kwa binamu yake Kawangware, tukakaa kwenye foleni siku nyingi, leo picha, kesho damu, kesho kutwa daktari hayuko. Mwishowe daktari akatuita. Alikuwa kijana tu. Akasema turudi baada ya mwezi mmoja. Alisema hivyo akiangalia kalamu yake. Mimi niliposikia mwezi nikaanza kupiga hesabu ya chai. Baba yako, naona sasa, alisikia kitu kingine.

Tulipotoka nje alikaa kwenye ukuta mfupi pale langoni. Akaniambia, "Mama Chepkoech, huku tumefika mara moja. Tukae mpaka Jumapili. Kesho tuone mji, Jumamosi twende kwa treni."

"Umekuja kutibiwa ama kutalii?"

"Nimeshatibiwa. Sasa wacha niwe mgeni."

Basi ile Ijumaa tukatembea. Nilimkubalia siku hiyo moja, na nilijiona mwema sana. Tulipanda lile jengo la duara refu. Lifti ilifika mahali ikaishia, zikabaki ngazi, naye akazipanda akipumzika kila mara, mimi nyuma yake nikinung'unika. Askari wa juu alikuwa wa kwetu, wa upande wa Bomet. Wakasalimiana, chamge, chamge, utafikiri ni ndugu. Yule askari akatuonyesha kila upande. Hapa ni stesheni. Pale ni mbuga, wanyama wanalala karibu na watu. Kule kukiwa wazi unaona mlima.

Baba yako akanivuta mkono. "Unaona?"

"Naona."

"Huoni. Unaangalia wapi?"

Nilikuwa naangalia mawingu. Yalikuwa meusi upande wa Ngong, na kichwani nilikuwa najiuliza kama nyumbani pia yapo, na kama mvua imenyesha, na kama imenyesha basi majani yamekimbia kukua. Yeye aliangalia mji mzima mpaka akaridhika. Akamshukuru askari, kongoi, kongoi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Ukiniuliza leo kuna nini upande wa stesheni ukiwa juu kule, siwezi kukuambia.

Tukashuka tukaenda kwenye bustani yenye boti. Alitaka tupande. Nikasema maji yana baridi, kifua chako. Mpiga picha akatufuata, akasema atatutumia kwa posta. Nikamwambia, "Picha ya nini, si sura zetu tunazijua?" Baba yako akacheka, mpiga picha naye akacheka, akaenda kwa watu wengine. Tukakaa kwenye nyasi. Alininunulia mahindi ya kuchoma, akanunua na yake, lakini yake hakuweza kula. Alikuwa ameyashika tu mikononi kwa sababu yalikuwa na joto. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwenye boti naye alikuwa anawaangalia mmoja mmoja. Nilikula haraka nikamwambia twende, jioni inaingia.

Usiku huo huo nikamwambia kesho tunarudi nyumbani.

Raundi ya kuchuna ilikuwa imetupita. Nilimwachia Mama Kiprotich jirani yetu shamba, lakini naye ana lake. Na wewe umeona vile hufanywa pale senta. Majani yakipita siku zake yanakomaa, na yakikomaa karani anayamwaga chini mbele ya watu wote, na wewe unainama kuyachambua watu wakikuangalia mgongo. Mimi tangu nianze kuchuna sijawahi kumwagiwa. Msichana wa Kisii aliyeolewa huku, kila mtu akingoja aone kama anajua kazi, na hakuna hata siku moja karani aligusa kikapu changu akatikisa kichwa. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo hapa duniani, Chepkoech. Niliipenda sana. Niliipenda kupita kiasi.

Akasema, "Na treni?"

Nikamwambia, "Si tunarudi baada ya mwezi? Zile treni zenyewe hazina moto. Zitaenda wapi?"

Akacheka. Akasema, "Hiyo ni kweli," akageukia ukuta, akalala.

Jumamosi alasiri tukashuka hapa Kapsoit. Kabla hatujafika kwenye njia ya kwetu nilisikia harufu, ile harufu ya majani yaliyopondwa ambayo hutoka kiwandani, lakini ilikuwa inatoka shambani. Mawe ya mvua bado yalikuwa yamelundikana kwenye mtaro, meupe. Yalinyesha siku iliyotangulia, Mama Kiprotich akatuambia, saa ile watu wanapeleka majani ya alasiri. Chai yote ilikuwa imebaki vijiti. Hakukuwa na jani la kuchuna, wala bichi wala lililokomaa, kutoka kwetu mpaka chini kabisa mtoni.

Baba yako alisimama pembeni mwa shamba, begi bado mkononi. Aliangalia kwa muda. Halafu akasema, "Basi tungekaa."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningemjibu, unanijua, na tungegombana na ingeisha. Alisema tu, akaingia ndani, akaomba maji ya kunawa. Nami nikabaki pale nje, nikashindwa hata kulia kwa sababu nililie nini, chai ama nini.

Ule mwezi wa kurudi kwa daktari haukufika. Chai iliyopigwa na mawe huchukua muda kabla ya kuchipua, na tulimzika ikiwa bado haijachipua. Watu waliokuja matanga walikuwa wakitupa pole mara mbili, ya mzee na ya shamba. Majani yalipotoka yalikuwa mazuri ajabu. Niliyachuna nikiyachukia.

Sasa nafika pale pagumu.

Unakumbuka walikuruhusu kutoka shule ukaja kumwona. Ulikaa kwenye kitanda, naye akaegemea mto, akaanza kukusimulia Nairobi. Mimi nilikuwa jikoni na mlango uko wazi. Akakuelezea jengo, askari, mbuga, boti. Halafu nikasikia anakuelezea treni. Moja kubwa nyeusi, magurudumu yanayompita kichwa. Akapanda mpaka pale dereva husimama, akashika chuma cha kupigia filimbi, chuma baridi, kimelainika kwa mikono ya watu. Kengele ya shaba mbele. Ukamuuliza, "Na Mama alipanda?"

Akakujibu, "Mama yako? Huyo alikataa kushuka. Ilibidi nimvute."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi nilisimama na mwiko. Aliniangalia juu ya kichwa chako, mgonjwa vile alivyokuwa, akanikonyeza.

Hatukuenda, Chepkoech. Hakuziona. Nilimnyima.

Sikukurekebisha siku hiyo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Baada ya kumzika sikukurekebisha kwa sababu ulikuwa unalia, na hiyo hadithi ndiyo ilikuwa inakutuliza. Halafu ikapita miaka. Ukaisimulia kwa vijana wa kanisa. Ukaniambia hata wale waliokuandika kazi walipokuuliza kwa nini unataka kuwatembeza watu mjini, uliwaeleza juu ya baba yako na mama yako kwenye ile treni, na wakaipenda. Nilikuambia vizuri sana. Nikaenda kwenye zizi nikakaa na ng'ombe.

Ningeweza kunyamaza hata sasa. Lakini utafika pale na wageni wako, na najua utamtafuta. Utatafuta ile treni yenye kengele ya shaba, utaenda huku na kule, na pengine haipo. Sidhani ipo. Aliyokuelezea ni ya Kipkelion, ya utoto wake, na sijui hata kama iliwahi kuwa hivyo ama aliiongezea. Ukiikosa utasema baba alinidanganya. Sitaki ufikiri hivyo juu yake hata kwa dakika moja. Alichokuwa anafanya ni kunificha mimi. Alijua anakufa, na alijua utabaki na mimi, na hakutaka ubaki na mama aliyemkatalia baba yako siku moja.

Hiyo ndiyo maana ya leo mchana. Uliposema tuzione tena, nilikimbilia kisingizio cha chai. Na niliposema Nairobi nilishaiona nilikuwa nakudanganya. Niliona mawingu na nikaona mahindi ya kuchoma.

Hutanisikia nikikuambia uishi namna gani. Mimi mwenyewe sijui kama nimejifunza kitu. Bado naamka nikiwaza majani kabla sijawaza Mungu, na bado napenda karani akichungulia kikapu changu asiseme neno. Mtu habadiliki kwa sababu ameumia. Ninachojua ni kidogo tu, na ni cha kazi yako. Siku moja utapata kwenye gari lako mume na mke, na mmoja anataka kusimama kila mahali, mwingine anaangalia saa na kuuliza kama tutachelewa. Utampenda yule anayesimama, kwa sababu ni kama baba yako. Usimchukie yule mwingine. Anampenda mwenzake pia. Anafikiri siku ziko nyingi, basi.

Wewe mwenyewe una haraka yangu, hata kama una macho yake. Nimekuona ukifunga sanduku. Nimeona vile unakunja nguo kabla hazijakauka vizuri. Ulitoa hilo kwangu na ninakuomba msamaha kwa hilo, kama kuna msamaha wa kitu cha aina hiyo.

Kama ukimaliza kusoma utasikia hasira, isikie. Usiniandikie barua ya "sawa tu". Kaa nayo mpaka uwe tayari, hata iwe mwaka. Na kama hutaki tena nije, sema. Andika kupitia sanduku la posta la kanisa, nitaisoma mwenyewe na sitamwambia shangazi yako.

Lakini kama bado unataka, nitakuja. Na nitakuja mwezi wa nne, ule ule ulioutaja, wakati majani yanakimbia na Mama Kiprotich hana mkono wa kunisaidia. Nimefikiria hili tangu ulipoweka kikombe chini. Yatakomaa. Nitakaporudi karani atayamwaga, na nitainama kuyachambua, watu wangu wa Kapsoit wakiniangalia. Wacha wanione.

Ninaogopa kwenda, usidhani siogopi. Naogopa kufika pale nikiwa mzima, miguu yangu miwili, nione kile alichotaka kuona na yeye hayuko. Sijui nitafanya nini. Pengine nitalia mbele ya wageni wako na nikuaibishe. Nikilia usinifiche nyuma ya gari, na usinipe kitambaa ukiangalia kando. Sema mbele ya wote kwamba mimi ni mama yako.

Na wakikuuliza huyu mama ana nini, usiwasimulie ile hadithi ya baba yako. Waambie tu kwamba alikuja mji huu zamani na mume wake, akawa na haraka.

Nasikia sauti zenu njiani. Shangazi yako bado anaomba huku akitembea. Nafunga hapa, nikupikie kitu cha moto kabla hujalala.

Ni mimi, mama yako,
Moraa